Mluzi wa Mzee Sikio

Katika mtaa ule jioni haikuwa jioni mpaka vali ipige mluzi. Jua lingeweza kuzama likitaka na taa zingeweza kuwashwa, lakini kwa nyumba zilizopakana na karakana siku ilikuwa haijaisha. Mafundi walifagia machicha ya chuma chini ya mashine za kukereza, wakanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, kisha Mzee Sikio akapanda kwenye tipa kuukuu ambalo halikuwa na kazi nyingine duniani ila kupandisha bodi na kulishusha. Humo aliifunga vali iliyomalizika siku ile. Bodi lilipanda kimya. Lilipoanza kushuka, oili ikirudi tangini kwa kasi, ndipo mluzi ulipotoka, mwembamba na mrefu, ukianzia juu na kutelemka taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya barabara na hana haraka naye.

Upande wa pili wa ukuta Mama aliusikia, akabandika maji ya kuoga. Tupa, binti wa Mzee Sikio, aliusikia akaiacha kamba aliyokuwa anaruka, akakimbilia langoni, kwa sababu baada ya mluzi Baba hutokea.

Tupa halikuwa jina la kuzaliwa. Baba yake alimwita hivyo kwa kuwa alikuwa mtoto wa kulisugua jambo mpaka ling'ae au liishe, kama tupa ya fundi kwenye ukingo wa chuma. Na Mzee Sikio naye hakuzaliwa Sikio. Alipewa jina na madereva, kwa tabia yake ya kuegesha mpini wa spana kwenye vali na ncha ya pili sikioni, akifumba macho, akisikiliza oili inavyopita humo ndani kana kwamba inamsengenya mtu anayemjua.

Vali yenyewe ilikuwa kazi ya ujana wake, aliyoisanifu kwa penseli na rula zama ambazo vali za dukani zilikuwa kitu cha kusimuliwa. Ukitaka kuielewa, ichukulie kama lango. Pampu inasukuma oili, na lango linaamua: iingie kwenye jeki bodi lipande, izuiwe bodi libaki hewani, au irudi tangini bodi lishuke. Bonge la chuma lenye njia hizo karakana nzima ililiita kinu, na kijiti cha chuma kinachoteleza ndani yake wakakiita mchi. Kila mchi ulisuguliwa kwa mkono ndani ya kinu chake, kwa unga laini wa msasa na oili, mpaka uteleze kwa uzito wake wenyewe bila kuruhusu tone kupenya. Ukiutia katika kinu kingine, haukubali. Mafundi walisema vimefunga ndoa, na dereva akija kuchukua vali yake waliuliza kwanza kama yeye ni upande wa bwana au wa bibi.

Siku hizo zilikwisha bila mtu kutangaza. Macho ya Mzee Sikio yalianza kuona ukungu, kisha yakaona mwanga tu, akaweka spana chini. Karakana ikashikwa na mdogo wake, ambaye Tupa alimwita Baba Mdogo na wengine wote wakamwita Mkurugenzi, ilimradi awe anasikia. Tupa akaenda chuo, akarudi na stashahada yake, akapewa meza ya kuchorea chini ya rafu ileile alikokuwa akificha peremende zake.

Siku moja Baba Mdogo alimwita ofisini, chumba chenye dirisha kubwa linalotazama mashine, ili fundi akipumzika ajue ameonekana.

"Kaa, mwanangu. Kuna kiwanda cha matrela kimeijaribu vali yetu, wameipenda. Wanaitaka kwa mamia. Itakwenda kote, mpaka huko ambako sisi wenyewe hatujui kunaitwaje."

"Kwa mamia hatuwezi, Baba Mdogo. Kusugua mchi mmoja tu ni kutwa nzima."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, sijamwita mpishi. Isanifu upya. Isubiwe, chuma kimiminwe kwenye kalibu, badala ya kuchongwa. Iwe nyepesi, iwe rahisi kutengeneza, na mchi wowote uingie kinu chochote." Kisha akainua kidole. "Ila jambo moja. Mluzi ubaki. Wao wenyewe wameuliza, ni ile ya mluzi? Nikawaambia ndiyo hiyo. Mluzi ndio sisi."

Tupa hakubisha hata kidogo. Alikuwa anautaka mluzi ule kuliko yeye.

Kazi ilianza, nayo ikamtia adabu. Katika kinu cha zamani, Baba alitoboa mashimo marefu kwa keekee kutoka nje, moja huku na moja kule, mpaka yakutane ndani, kisha akaziba midomo ya nje kwa vizibo. Kila kizibo kilikuwa kazi ya ziada, na kila kizibo kilikuwa mahali pa kuvuja siku kikichoka. Tupa alitaka njia zizaliwe na kinu chenyewe: viini vya mchanga vilazwe ndani ya kalibu, chuma kimiminwe kuvizunguka, kikiganda mchanga utikiswe utoke na njia zibaki. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Kalibuni, kiini cha kwanza kilisogea chuma kilipomiminwa, ukuta mmoja ukawa mnene kama kisigino na wa pili mwembamba kama ganda la chungwa. Walipoweka shinikizo, kinu kikatoka jasho la oili. Cha pili mchanga ulibaki kwenye kiwiko cha njia, ukashuka ukauchanachana mchi. Akavipa viini miguu ya kusimamia. Akapanua viwiko. Akafuta vizibo vyote. Mchi akaupunguza unene kwa kipimo kidogo kuliko unywele, ili usihitaji kusuguliwa, na ili oili isipate upenyo akaurefusha mabega, zile sehemu zake nene zinazoziba njia, iwe na safari ndefu ya kujipenyeza mpaka ikate tamaa.

Madereva wa zamani waliendelea kuja karakana hata waliokuwa hawana gari tena. Waliketi kwenye benchi lao karibu na mlango, benchi lililolainishwa na suruali za kazi za miaka mingi, wakatoa maoni yasiyoombwa. Mkubwa wao wa midomo alikuwa Breki, aliyeitwa hivyo kwa sababu enzi zake hakuwahi kuzitumia.

"Nasikia umefuta ndoa," Breki alimwambia Tupa.

"Nimefuta, mzee wangu."

"Yaani mchi wowote, kinu chochote?"

"Wowote, chochote."

Breki alitikisa kichwa kwa uchungu. "Kumbe nilizaliwa mapema."

"Ungezaliwa leo, mzee, ungekuwa bado unafeli mtihani wa leseni."

Benchi zima likacheka, na fundi mmoja akazima mashine ili acheke vizuri.

Kinu cha tatu kilitoka kizima. Wakakifunga kwenye tipa lilelile kuukuu, bodi likapanda, likashuka. Kimya. Baba Mdogo alitoka ofisini mbio. "Imekufa?"

Haikufa. Ilifanya kazi vizuri kuliko ya zamani, ila ilikuwa bubu. Tupa hakuchukua muda kujua kwa nini. Katika kinu cha Baba, mashimo mawili ya keekee yalikutana kwenye kona kali, na oili ilipiga mluzi ikiparuza kona hiyo kwenda tangini. Katika kinu chake njia zilijipinda kwa ulaini na hazikuwa na kona. Basi akachukua keekee, akatoboa kona kali mahali palepale ilipokuwa, akafunga tena.

Bodi liliposhuka, mluzi ukatoka. Mafundi waliacha mashine zikiunguruma bure wakatoka uani. Tupa aliegemea ubavu wa tipa, mkono mdomoni, na kwa kitambo kile alikuwa na kamba ya kuruka miguuni na vumbi kwenye magoti. Kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ya Mama ikauliza, "Leo mmefunga mapema?" kisha wakasikia sufuria ikibandikwa.

Angeishia hapo, kila mtu angefurahi. Lakini chuoni alifundishwa kwamba kitu kinachokwenda kwa watu wengi lazima kwanza ukichoshe wewe mwenyewe. Akaifunga vali kwenye meza ya majaribio, akaiacha ifungue na kufunga kutwa, siku baada ya siku, mpaka mafundi wakamwomba aionee huruma. Mluzi ulianza kunenepa. Ukapata mkwaruzo. Mwishowe ulikuwa unakohoa. Tupa akakibana kinu kwenye jiliwa, akakikata katikati kwa msumeno. Kwenye ile kona, chuma kilikuwa kimeliwa vishimo vishimo, kama mkate uliokaa na panya. Akaenda stoo akatafuta kinu kimoja cha zamani, cha mkono wa Baba, akakikata nacho. Palepale. Vishimo vilevile.

Alikaa navyo mezani muda mrefu, nusu huku na nusu huku. Oili inapokimbia kwa kasi kupita kona kali, huchanika, huzaa viputo vidogo, na viputo vikipasuka kila kimoja hugonga chuma kama nyundo ya sisimizi. Mluzi wote ule, mluzi wa maji ya kuoga na wa kukimbilia langoni, ulikuwa sauti ya nyundo hizo. Vali ilikuwa inajitafuna. Ikijitafuna vya kutosha, mshiko wa dereva unaweza kuwa umewekwa pa kuzuia na bodi bado likaanza kushuka lenyewe.

Akavifunga vipande viwili kwenye kitambaa, akazunguka ukuta kwenda nyumbani.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio iliyofunguliwa kifuniko ikiwa mapajani, akiitengeneza kwa vidole. Tupa akaiweka redio kando, akampa kinu. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye njia, polepole, akasimama kwenye kona.

"Hapa ndipo inapokula," akasema.

"Ulikuwa unajua, Baba?"

"Mtu asimjue mtoto wake? Ikila sana inapata mafua. Dereva akisikia mluzi una mafua anaileta karakana, tunasugua upya, anakunywa chai, anatudanganya kuhusu safari zake, anakwenda. Na mtu haingii chini ya bodi lililoinuliwa kabla hajalisalimia. Sikukufundisha?"

Alimfundisha. Mpira ulipoingia chini ya tipa, Tupa hakuruhusiwa kuufuata mpaka mkubwa alishushe bodi kidogo na wote wasikilize. Likiitika kwa sauti nyembamba, ingia. Likikohoa, mpira ulale humo mpaka kesho. Hakuna dereva wa mtaa ule aliyeweka mgongo wake chini ya chuma bila kusalimia kwanza. Walifanya hivyo kama watu wanavyobisha hodi.

"Nionyeshe mtu mmoja aliyeumizwa na vali yangu," Baba akasema.

"Hayupo."

"Hayupo." Aliridhika, akarudisha kinu kwenye magoti ya binti yake.

"Lakini Baba, hawa wa sasa hawatalisalimia."

"Wafundishwe."

"Na nani? Vali itafika mahali ambapo hata jina lako hawajalisikia. Watausikia mluzi, watafurahi. Watasikia mafua, watasema gari limezeeka. Halafu mtu ataingia chini na spana yake."

"Waandikie karatasi."

"Niandike nini? Kwamba sauti nyembamba ni nzima na nene kidogo ni mgonjwa? Wewe mwenyewe ulinishika mkono nikiwa na masikio mapya, na bado nilikuwa nakosea."

Nje Mama alikuwa anakung'uta mkeka. Mzee aliitafuta redio kwa mkono, akaipata, lakini hakuichukua.

"Hizo vali zako mpya sitaziona, Tupa," akasema, na sauti yake haikuwa ya fundi tena. "Ukinipa mkononi nitashika chuma tu, kama chuma kingine. Niachie hiyo kona moja. Niwe nazisikia jioni."

Tupa alikunja kitambaa juu ya vipande, akakifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. "Nimekusikia, Baba," akasema. Mzee akalichukua jibu hilo kuwa ndiyo. Tupa aliona amelichukua hivyo, na hakumrekebisha.

Siku zilizofuata alipunguza maneno. Benchi la mlangoni lilimchokoza likachoka. Alitengeneza kinu chenye kona na kinu kisicho nayo, akavilaza mezani vikitazamana. Kila alipokishika kile cha kwanza alijua ni cha nani: cha Baba, cha mtaa, cha mtoto aliyesubiri langoni. Alijaribu kuipunguza kona ili ipige mluzi bila kula. Ikapunguza kula, ikapunguza na mluzi, mpaka ilipoacha kula ikawa imeacha kuimba. Hakuna alipoweza kuvitenganisha. Ndipo alipochukua kile kisicho na kona, akatoboa ubavuni mwake tundu dogo la kuelekea nje, akarudi kwenye mchoro, akaipitia upya kila njia.

Siku ya kuionyesha vali, Baba Mdogo aliwaita wote uani baada ya saa za kazi, mwanga ukiwa bado mzuri. Madereva walibeba benchi lao wenyewe. Mama alimleta Mzee Sikio akiwa amemshika kiwiko. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, vifungo mpaka shingoni. Wakampa nafasi ya mbele, karibu kabisa na tipa.

Tupa alikaa kwenye usukani. Akavuta mshiko, bodi likapanda mpaka mwisho, likatulia. Watu wakatulia pia, wamefumba macho ili wasikie vizuri. Breki alivua kofia. Mzee Sikio aliinamisha kichwa upande, sikio likitangulia, na midomo yake tayari ilikuwa na tabasamu la mtu anayemngojea mgeni aliyekwisha kusikia hatua zake. Tupa akasukuma mshiko.

Wakangoja.

"Haya, shusha basi," Breki akasema. "Tuna njaa."

"Limeshashuka, mzee wangu."

Wakatazama. Bodi lilikuwa limelala kwenye fremu yake. Mzee Sikio peke yake alikuwa bado ameinamisha kichwa, bado anasikiliza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Baba Mdogo alisogea mlangoni pa gari, akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia. "Umefunga ipi?"

"Isiyo na kona."

"Mimi nilisema nini?"

Tupa akashuka. Akajishikilia kwenye tairi. Aliwaeleza wote, kwa maneno machache, kuhusu viputo, kuhusu vishimo, kuhusu mtu wa mbali na spana yake.

"Sasa tutajuaje kama ina mafua?" Breki akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Nimetoboa tundu ubavuni. Ikianza kuchoka, oili itadondoka chini ya gari kabla bodi halijalegea. Dereva yeyote akiona oili chini ya gari lake anashtuka, hata kama hajawahi kukaa kwenye benchi lenu."

"Oili ya kuonwa," Mzee Sikio akasema taratibu. Kichwa chake kilikuwa kimenyooka sasa.

Kule nyuma fundi mmoja alianza kukohoa, akaona haya, akajizuia.

"Mwombe kaka yangu radhi," Baba Mdogo akasema. "Hapahapa, mbele ya watu. Amekulea na mluzi ule. Ukimaliza, utairudisha kona."

"Sirudishi kona, Baba Mdogo. Kama hunitaki, mchoro uko mezani, mpe mwingine aweke jina lake."

"Basi radhi tu, mwanangu," Mama akasema. "Ni neno moja. Halipunguzi kitu."

Mzee Sikio alinyoosha mkono hewani, akimtafuta binti yake. Tupa akaupokea. Ulikuwa mkavu na mzito, na kovu la keekee lilikuwa palepale chini ya kidole gumba. Akauongoza mpaka kwenye kinu kipya, kilichokuwa na joto la oili, akauacha juu yake. Mzee alikaa hivyo, vidole vimetawanyika, akingojea mtetemo. Hapakuwa na mtetemo.

"Imetulia," akasema.

"Imetulia, Baba."

"Kama haina mtu ndani," akaongeza. "Niombe radhi basi, Tupa, twende tukale. Nitakusamehe, na hawa wataondoka."

Alisema kwa upole, akimfungulia mlango wa kutokea, na uso wa Tupa ulikuwa umelowa mpaka kidevuni. Alikuwa radhi kumpa chochote alichokuwa nacho, ila si neno la kukiri kwamba kuiondoa kona lilikuwa kosa. Mkono wake ulibaki juu ya mkono wa baba yake, juu ya chuma.

"Siombi radhi, Baba," akasema. "Leo siombi, na kesho siombi."